Kanze wa Chome na Kipandio cha Ng'ombe

"Mitihani yote mliyofeli katika Tawi hili niliipiga chapa mimi, kwa vidole hivi! Sasa ni zamu yangu kuifanya, na mimi sifeli kitu ninachokijua mpaka nukta zake. Na siku ya kupewa cheti changu nitalipanda jukwaa hili kwa magurudumu yangu mwenyewe. Sibebwi! Watakaonibeba tena ni wale wanne wa jeneza, na siku hiyo sitakuwa na la kusema."

Hayo aliyasema Kanze wa Chome mwezi wa Septemba mwaka 1996, kwenye sherehe ya kuwakaribisha wanafunzi wapya, mbele ya watu wasiopungua mia mbili. Kipaza sauti hakupewa. Alikuwa chini, mbele ya jukwaa, juu ya baiskeli yake ya magurudumu matatu, na waya wa kipaza sauti ulipita karibu na mkono wake. Akauvuta polepole kama avutaye kamba ya ndoo kisimani, mpaka kikamjia chenyewe, na Bwana Abdurahman, msajili wetu, akabaki juu anahutubia hewa.

Tulicheka. Mimi nilicheka mpaka nikakohoa. Jukwaa lilikuwa la saruji, lina vidato saba, na halikuwa limewahi kupandwa na gurudumu lolote, hata la toroli la taka. Na Kanze alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita ambaye polio ilimchukua miguu akiwa na minne. Alichobaki nacho ni mikono ya mpiga makasia na ulimi wa mke mwenza.

Tawi ninalolisema lilikuwa tawi dogo la chuo kikuu, juu mlimani, nje ya mji wa Kwale ukielekea Matuga. Lilikuwa na majengo matatu, kantini moja, na mbuzi wengi kuliko wahadhiri. Madarasa yalikuwa ghorofani, ofisi kubwa zilikuwa ghorofani, maktaba ilikuwa ghorofani. Aliyelichora jengo lile lazima aliamini kwamba elimu, kama moshi, hupanda juu.

Kanze alizaliwa Kinango, pale penye mnada wa mifugo. Baba yake, mzee Chome, alikuwa dalali wa ng'ombe. Mtoto alipougua, baba alimweka mgongoni akampeleka hospitali ya Msambweni, safari ya siku mbili wakati ule, na baada ya miezi akamrudisha na vyuma miguuni. Majirani wakaja kutoa pole kama watu waliofiwa. Mzee Chome akawapa uji, akawashukuru, na Jumanne iliyofuata akambeba bintiye hadi mnadani akamketisha juu ya ua, kando ya mahali pa kupakilia ng'ombe.

"Wewe kazi yako kuhesabu," akamwambia. "Mwenye miguu hukanyaga, mwenye macho huona. Lori likiondoka na ng'ombe mmoja zaidi, leo tunalala njaa."

Basi Kanze alijua kuhesabu kabla hajajua kusali. Alikaa pale juu akitangaza kwa sauti, "Kumi na wanne! Kumi na watano! Wewe mwenye kanzu, huyo wa kumi na sita umemficha wapi?" Wanunuzi wa Mombasa walimwogopa kuliko askari. Na kutoka pale juu alikiona kila wiki kile kipandio: mbao ndefu zilizoegeshwa kwenye lori, na juu yake vipande vya mbao vimepigiliwa kwa kukingama, kimoja baada ya kingine, ili kwato za ng'ombe zisiteleze. Mataruma, ndivyo tunavyoviita. Yakumbuke hayo mataruma, kwa sababu mbele kidogo tutajikwaa nayo.

Alisoma, akafaulu, akajifunza kupiga chapa Mombasa, na mwaka 1981 akapata barua ya kuitwa Tawini kusomea Maendeleo ya Jamii. Akafika na sanduku la bati. Msajili wa wakati ule akaitazama barua, akamtazama yeye, akazitazama ngazi.

"Binti, madarasa yako juu."

"Naona, baba. Na mimi niko chini."

"Basi huoni kwamba ni taabu?"

"Kwangu au kwenu?"

Msajili akaikunja barua. Lakini kulikuwa na chumba cha chapa kwenye ghorofa ya chini, na mpiga chapa alikuwa ameolewa Lamu juma lililopita. Kanze akapewa taipureta, kwa muda tu, wakati Tawi likifikiria namna. Tawi lilifikiria miaka kumi na mitano.

Miaka yote hiyo kila karatasi ya mtihani ilipitia mikononi mwake. Aliichapa, akaidurufu kwenye ile mashine ya wino inayozungushwa kwa mkono, akaifunga, akaitia muhuri. Haikuvuja hata moja. Wanafunzi walimletea samaki wa Majoreni, walimletea khanga, mmoja alimletea posa. Samaki alikula, khanga alivaa, mwenye posa alimwambia arudi akishafaulu. Hakufaulu. Na huku akichapa, alikuwa anasoma. Maswali ya masomo yote ya miaka kumi na mitano yalikaa kichwani mwake, na majibu aliyatafuta kwa raha zake.

Kukiwa na mkutano ukumbini au picha ya wafanyakazi, walikuja vijana wanne wakambeba kama kabati la nguo. Walimbeba kwa moyo mweupe, siwasingizii, na mimi, nilipokuwa kibarua pale kabla ya kuanza masomo, nilikuwa mmojawao. Ila mmoja hushika begani, mwingine hushika asipotaka kushikwa, kiatu huanguka, khanga hupanda, na ukishatuliwa watu hukupigia makofi kwa kazi waliyoifanya wengine. Siku moja nilimuuliza mbona ana kinyongo na watu wenye kumsaidia.

"Sina kinyongo," akasema. "Lakini wewe hebu jaribu. Ubebwe ufike mbele ya watu, halafu useme neno la maana. Watakusikiliza kwa huruma, na huruma haina masikio."

Baiskeli aliipata mwaka 1993. Aliiunda Iddi, fundi wa kuchomelea pale Ukunda, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kurekebisha vitanda vya kuotea jua vya mahoteli ya Diani. Kwa hiyo kiti cha Kanze kilikuwa cha kitanda cha mzungu, mistari ya buluu na nyeupe, unaweza kukilaza nyuma ukapigwa na upepo. Pedeli zilikuwa za mikono, mbele ya kifua. Breki ilikuwa kipande cha kandambili kinachosugua gurudumu la mbele. Kengele ilisikika mpaka Matuga.

Mwaka uliofuata Tawi lilipewa msaada wa kiti cha magurudumu, kipya, kinang'aa. Kikapigwa picha na wakubwa, kikafunikwa nailoni, kikafungiwa stoo kisije kikachafuka. Ufunguo alikaa nao msajili.

Sasa tuje kwenye mwaka ule wa 1996. Kanze aliomba upya, moja kwa moja makao makuu, na makao makuu wakamkubali, kwa sababu karatasi haina miguu. Majina yakaletwa Tawini ili barua zichapwe. Nani mpiga chapa? Kanze. Akazichapa themanini na mbili, yake akaitia katikati, akampelekea Bwana Abdurahman, ambaye alikuwa mtu mwema, mswalihina, mpole wa maneno, na hakuwahi kusoma kitu anachokitia sahihi. Akatia zote themanini na mbili huku akimsimulia habari za goti lake linalomsumbua.

Jumatatu ya masomo Bwana Abdurahman, aliyedhani yale ya kwenye sherehe ni mzaha, akamkuta chini ya ngazi na daftari.

"Da Kanze, shughuli gani hapa?"

"Nasoma, Bwana Msajili."

"Unasoma nini?"

"Diploma. Barua ninayo, umeitia sahihi mwenyewe, mwandiko mzuri mashallah."

Bwana Abdurahman aliisoma barua mara mbili, labda mara yake ya kwanza maishani, kisha akaita vijana wanne. Kanze akashika pedeli. "Sibebwi. Mwalimu apaze sauti tu, mimi nitasikia." Na kweli, siku mbili alisomea chini ya ngazi. Mhadhiri akiuliza swali ghorofani, jibu linatoka chini kabla hatujafungua midomo, pamoja na mwaka ambao swali hilo lilitoka kwenye mtihani. Siku ya tatu mhadhiri alipotewa na sauti, darasa likashuka likahamia chumba cha kulia, ambako tulisoma nadharia za maendeleo kati ya harufu ya kabeji na harufu ya maharage. Mitihani ya darasa letu ilibidi ichapwe na mtu mwingine, na swali la tatu lilitokea mara mbili. Kanze alijibu yote mawili, kwa majibu tofauti, akapata alama kwa yote.

Mimi diploma yangu niliiacha katikati, mambo ya karo na mengine ambayo si ya karo. Yeye aliendelea. Na kila mwaka aliandika barua ya kuomba kipandio cha jukwaa. Barua za kukataliwa nazo alizichapa yeye, maana asubuhi alikuwa bado mpiga chapa. Nilikuwepo siku moja msajili alipokuja kumsomea.

"Andika: Kwa Bi. Kanze Chome. Kuhusu ombi lako, tunasikitika..."

"Tunasikitika. Kiasi gani?"

"Sana. Tunasikitika sana kwamba fedha haziruhusu. Gharama ya ujenzi wa aina hiyo ni kubwa mno kwa uwezo wa Tawi."

"Kubwa kiasi gani?"

"Haijapimwa, dada."

"Haijapimwa, lakini ni kubwa. Niandike hivyo?"

"Andika inshallah mwaka ujao."

Akaandika, bila kosa la herufi hata moja, akampa atie sahihi, akaipokea, akajifungulia faili.

Mwaka wa tisini na tisa akatokea Purity, katibu wa wanafunzi. Alikuwa msichana wa Kinango kama Kanze, ila sekondari aliisomea Nairobi akarudi na maneno ya huko. Akasikia kwamba duniani kote tarehe tatu Desemba ni siku ya watu wenye ulemavu, akasikia kwamba mahafali yetu yanaangukia juma lile lile, akapanda ofisini kwa msajili.

"Mwalimu, tunaunganisha. Mahafali na sherehe ya historia ya walemavu wa Tawi, siku moja, pilau moja. Profesa anatoka Nairobi. Na Da Kanze anagraduate! Akibebwa mbele ya profesa, hiyo itakuwa noma."

"Itakuwa nini?"

"Aibu, mwalimu. Itakuwa aibu."

Neno aibu, kwa mtu wa pwani, hufungua makufuli. Bwana Abdurahman akamwita Fundi Musyoki.

Musyoki alikuwa seremala, Mkamba wa Shimba Hills, wazazi wake walikuja kwenye mashamba ya makazi zamani. Mtu wa mikono mizuri na maneno machache. Akaambiwa ajenge kipandio cha mbao cha kupandia jukwaa, imara, upesi. Akauliza swali moja tu: "Kisiteleze?" Akajibiwa kisiteleze kabisa, mvua za vuli hizi. Akaenda.

Na akajenga kitu kizuri, haki ya Mungu. Urefu wa hatua kumi, mteremko wa taratibu, nguzo chini. Alimaliza Alhamisi jioni. Ijumaa alfajiri kamati ya mapambo ikafika na zulia jekundu la kuazima kutoka hoteli moja ya Diani, wakalitandaza juu ya kipandio wakaligonga misumari pembeni. Hakuna aliyekikagua. Kanze alikuwa kwao anasukwa.

Saa nne ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Watu walitoka Kinango kwa lori, wengine Msambweni, Iddi alikuja na familia yake nzima kuiona kazi yake ikipewa diploma. Mzee Chome alikuwa amekaa mstari wa mbele, haoni vizuri tena, mkongojo kati ya magoti. Kwenye kijitabu cha ratiba, sehemu ya historia ilikuwa mistari miwili: kwamba mwaka 1994 Tawi lilipokea kiti cha magurudumu, na kwamba Tawi linawashukuru wafadhili. Kiti chenyewe kilitolewa stoo, kikawekwa jukwaani na nailoni yake. Magurudumu yalikuwa yameisha upepo tangu zamani.

Jina lake liliitwa la mwisho. "Kanze Chome!" Vigelegele. Akatoka nyuma ya ukumbi, joho jeusi limefungwa kiunoni lisinaswe na mnyororo, kofia imekaa upande, akipiga ile kengele, watu wanampisha, akafika chini ya kipandio, akavuta pumzi, akazungusha pedeli.

Gurudumu la mbele likapiga kitu. Gudu.

Akarudi nyuma, akaja kwa nguvu zaidi. Gudu. Zulia likajikunja likashuka, na chini yake tukaona matuta yamejipanga kutoka chini mpaka juu, kama mbavu za ng'ombe wa Kinango mwaka wa ukame. Kanze akainama, akalishika zulia kwa mkono mmoja akalinyanyua. Akatazama.

"Musyoki," akaita. "Njoo."

Musyoki akaja, shati jeupe, kofia mkononi.

"Hii ni nini?"

"Kipandio, dada."

"Cha nani?"

"Chako. Nimetia mataruma kumi na moja. Vya mnadani huwa natia manane, lakini wewe nilisema usije ukateleza."

Ndipo tukaelewa. Miaka ishirini Musyoki alikuwa akijenga vipandio, na vyote vilikuwa vya kupakia ng'ombe. Alikuwa amempa Kanze kilicho bora kuliko vyote alivyopata kuvijenga, na akamzidishia matatu kwa mapenzi.

"Ni kipandio kizuri," Kanze akasema. "Niletee ng'ombe apande. Mimi nina magurudumu."

Kicheko kilichotoka pale kilikuwa kikubwa, lakini hakikukaa. Maana saa ilikuwa ya tano na ushei, ilikuwa Ijumaa, na watu walitaka kuwahi swala. Bwana Abdurahman akashuka vile vidato saba huku ameshika goti, akainamia sikio lake, lakini kipaza sauti kilikuwa mkononi, sote tukasikia.

"Da Kanze, mimi ndugu yako nakuomba. Mara hii moja tu. Vijana wako tayari, dakika moja, ubebwe, uchukue cheti, yaishe. Mgeni rasmi ana safari."

Na ni kweli, tulikuwa tayari. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya pilau, lakini mazoea ni mabaya. Nilishakunja mikono ya shati na wenzangu watatu. Nilipoangalia uso wake ndipo nikazikumbuka zile tambo zake za 1996, na kicheko changu. Angebebwa, asingemshangaza mtu yeyote. Tungempigia makofi, tungekula, tungeondoka tukisema masikini, amejitahidi.

Kanze akatuelekezea kidole sisi wanne. "Atakayenigusa namng'ata. Namng'ata mbele ya profesa." Kisha akamgeukia msajili, kwa upole. "Bwana Abdurahman, saa ngapi sasa?"

"Saa tano na robo."

"Swala saa ngapi?"

"Saba kasorobo hivi."

"Na kung'oa taruma moja, Fundi?"

"Dakika mbili," Musyoki akasema. Alishakuwa na nyundo. Seremala haendi hata harusini bila nyundo. "Misumari ni ya inchi nne."

"Kumi na moja mara mbili, ishirini na mbili. Mimi nimengoja tangu themanini na moja. Mgeni rasmi atanivumilia dakika ishirini na mbili."

Hapo hakuna aliyejua pa kutazama. Tukamtazama profesa. Alikuwa mama mnene, Profesa Jemima, miwani ya mnyororo, uso usiotabirika. Akasimama. Akavua viatu vyake vya kisigino, akavishika mkononi, akashuka vidato, akavuta kiti cha plastiki akakiweka ubavuni mwa baiskeli.

"Basi na mimi nangojea huku chini," akasema. "Juu kule peke yangu nitafanya nini? Shikamoo, mzee," akamwamkia mzee Chome.

"Marahaba, mwanangu. Ng'ombe wamekwama?"

"Wamekwama kidogo, baba."

Musyoki akapiga magoti, akatia nyundo chini ya taruma la kwanza, na msumari ukalia kama paka. Kanze akamnyang'anya msajili kipaza sauti.

"Wakati tunangoja," akasema, "hicho kijitabu kinasema historia yetu ilianza na kiti kile chenye nailoni. Kiti kile sikijui, hatujawahi kusalimiana. Acha niwape nyingine."

Taruma la kwanza likatoka. "Hilo ni la Fondo," akasema. "Mwaka sabini na sita mpaka themanini na nane alikuwa kwenye simu za Tawi. Hakuona hata jua, lakini ukikohoa tu mlangoni anakutaja jina, na mshahara wako umechelewa siku ngapi. Walipomstaafisha, waliweka watu wawili mahali pake, na simu zikaanza kupotea."

La pili. "Hilo la Kavenya, aliyeshona majoho haya mliyovaa. Alikuwa kiziwi. Msimamizi wake alimpigia kelele mwaka mzima, na yeye akashona kwa utulivu kuliko nyinyi nyote."

La tatu, la nne. Kila taruma likitoka alitaja mtu: mtunza bustani mwenye mkono mmoja aliyepanda mikungu ile yote mnayoegesha magari chini yake; binti wa Msambweni aliyefaulu, akaja, akaziona ngazi, akarudi kwao siku ile ile. "Jina lake ni Sidi. Mimi ndiye niliyeichapa barua yake, na nilikuwa najua madarasa yako wapi, na sikumwandikia. Hilo nimekaa nalo."

Hilo la Sidi lilikuwa la tano. Kisha Musyoki akang'oa la sita, likamrukia puani, watu wakacheka, na kuanzia hapo tukawa tunahesabu kwa pamoja, ukumbi mzima, "Saba! Nane!" na sauti iliyosikika zaidi ilikuwa ya mzee Chome, akigonga mkongojo sakafuni, akihesabu kama siku za mnadani, na mimi nilikuwa nahesabu pia, sijui nilianza lini.

"Kumi na moja!"

"La mwisho," Kanze akasema, "ni langu, na mengine nitayasema nikiwa juu. Toka njiani, Fundi."

Purity akapiga kelele, "Wacha Da Kanze apite!" ingawa hakuna aliyemzuia. Kanze akarudi nyuma hatua ishirini. Akatema mate viganjani kama mpakuzi wa magunia. Akaja.

Kipandio kililia. Katikati alipunguza mwendo, pedeli zikawa nzito, mishipa ya shingo ikasimama, na kwa kitambo baiskeli ikasimama kabisa, haiendi mbele hairudi nyuma. Niliona mkono wa Bwana Abdurahman ukinyooka wenyewe kumsukuma, na niliona Profesa Jemima akiushika na kuurudisha. Kanze akauma mdomo, akazungusha. Nusu mzunguko. Nusu nyingine. Gurudumu la mbele likagusa saruji ya jukwaa, likafuata la kulia, likafuata la kushoto, na kengele ikaanza kulia kabla yeye hajafika katikati.

Sitaweza kuelezea zile kelele. Iddi alikuwa analia, anawaambia watu kwamba ile minyororo yote miwili ni kazi yake. Mzee Chome akamwuliza jirani yake, "Amepanda?" Akaambiwa, "Amepanda." Akasema, "Mmoja, na hajazidi," akakaa.

Akapewa cheti. Akakiangalia kwa karibu, jicho la mpiga chapa, akamwambia profesa, "Hapa kuna nafasi mbili baada ya jina, ilipaswa moja," kisha akakikumbatia kifuani kama mtoto. Alikuwa ameahidi kusema mengine. Akashika kipaza sauti, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuna kilichotoka. Tukangoja. Mwisho akasema, "Sasa nashukaje?"

Hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Iddi akapaza sauti, "Breki, dada, kamata breki!" Lakini breki, mtakumbuka, ilikuwa kandambili, na kandambili ilikuwa ya mwaka 1993. Kanze akashuka kile kipandio kama mwewe aonaye kifaranga, joho limejaa upepo, cheti kinywani, kofia imebaki hewani, watu wanaruka huku na huku, akapita mlangoni, akapita hema, akatoka uwanjani, na baiskeli ikaenda kusimama taratibu mbele ya masufuria ya pilau. Wapishi wakamwangalia.

"Nimefika wa kwanza," akasema. "Nipakulieni."

Swala ilipoadhiniwa, waliokuwa wa kwenda walikuwa wameshashiba, na Bwana Abdurahman aliiwahi safu ya mbele.

Kile kipandio hakikuondolewa. Juma lililofuata mafundi wa sauti walipandishia spika zao, wapishi wakapandishia masanduku ya soda, na mtu wa kwanza kukitumia kila asubuhi bila kukosa ni Bwana Abdurahman, kwa sababu ya goti lake. Kanze aliacha chumba cha chapa akaingia ofisi ya wanafunzi, ghorofa ya chini, na kazi yake ya kwanza ilikuwa barua ya kwenda Msambweni. Sidi alikuja Septemba, akiwa mama wa watoto wawili. Ile barua nyingine, ya fedha haziruhusu, Kanze aliibandika ukutani nyuma ya kiti chake, na chini yake akabandika risiti ya Musyoki: mbao, misumari, kupigilia mataruma kumi na moja na kuyang'oa, shilingi elfu tatu mia nane na hamsini.